Croydon hadi Cape Town: Njia Iliyopita Kwetu

Chukua tufe la dunia, lile linalokaa juu ya kabati la mwalimu wa jiografia, na kipande cha uzi. Bana ncha moja pale London kwa kidole gumba, vuta uzi hadi Cape Town, ukaze. Huo ndio mwendo mfupi kuliko yote baina ya miji hiyo miwili, kilomita 9,650 hivi. Sasa ufuate kwa jicho. Unakata Ufaransa, unavuka Bahari ya Kati, unaingia Algeria, unapasua Sahara mpaka Niger, unapita Nigeria na Kameruni, unavuka ikweta ndani ya Gabon, kisha unateremka na upande wa Angola na Namibia hadi mwisho wa bara. Kisumu haimo. Mbeya imeachwa zaidi ya kilomita 2,000 upande wa mashariki.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, aliyetoka London kwenda kusini mwa Afrika kwa ndege alipita kwetu. Alitua Kisumu, akatua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Baadaye alitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Safari iliyokuwa ya kilomita 9,650 kwa uzi ilikuwa karibu kilomita 13,000 kwa ndege, na ile tofauti ya kilomita elfu tatu na zaidi ndiyo iliyotuleta sisi katika historia ya usafiri wa anga.

Sababu ya kwanza ilikuwa bendera. Ndege haitui mahali bila ruhusa ya mwenye nchi, na uzi wetu wa kwenye tufe ulipita juu ya makoloni ya Wafaransa, Wabelgiji na Wareno. Waingereza walikuwa na njia yao ndefu: Misri waliyoitawala kwa namna moja au nyingine, Sudani, Uganda, Kenya, halafu pengo, halafu Rhodesia na Afrika Kusini. Pengo lilikuwa Tanganyika, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kusafiri kutoka Kairo hadi Cape Town bila kubisha hodi kwa mgeni.

Sababu ya pili ilikuwa injini. Ndege za wakati ule zilikuwa na pumzi fupi. Kila lita ya petroli ina uzito, na ndege iliyojaza petroli ya safari ndefu haikubakiwa na nafasi ya abiria wala barua. Basi ikabidi itue kila baada ya saa tatu au nne, na palipo na kutua lazima pawe na kiwanja.

Viwanja hivyo vilianza kutafutwa mwishoni mwa 1918. Wizara ya Anga ya Uingereza ilituma vikosi vitatu, kila kimoja na kipande chake cha bara, na katika muda wa mwaka mmoja hivi vikawa vimepata na kusafisha viwanja 43 toka Kairo hadi Cape Town. Vitabu vya safari za anga husifu vikosi hivyo kwa majina ya maofisa wao. Mimi husimama zaidi kwenye habari za vichuguu. Kusini mwa Ziwa Tanganyika, kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, na Ndola, ardhi ilikuwa imejaa miti na vichuguu vya mchwa, vingine virefu kupita kimo cha mtu na vigumu kama tofali lililochomwa. Kichuguu hakifyekwi. Hupasuliwa kwa sururu, hupondwa, na udongo wake hubebwa kwa vikapu hadi mbali, kisha shimo linaloachwa hufukiwa na kushindiliwa, la sivyo gurudumu la ndege litatumbukia. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya wanaume wa vijiji vya jirani, wiki baada ya wiki, wengi wao bila kuwahi kuona ndege. Mvua ikinyesha majani yalirudi, na mchwa nao wakarudi. Majina ya watu hao hayakuandikwa. Njia nzima ya anga ilikaa juu ya migongo yao.

Viwanja havijakauka vizuri, mbio zikaanza. Tarehe 4 Februari 1920 maofisa wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliruka kutoka Brooklands, karibu na London, kwa ndege kubwa ya injini mbili aina ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Mbele yao kulikuwa na Vimy nyingine iliyokodiwa na gazeti la The Times, ikiwa imembeba Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Hiyo ya gazeti ilifuata Nile kwenda kusini, ikapita Uganda na Kisumu, ikafika Tabora. Asubuhi ya tarehe 27 Februari ilijaribu kuruka kutoka Tabora, injini ikakosa nguvu, ndege ikaanguka na safari ikaishia hapo. Waliokuwamo walitoka salama. Kwa hiyo moja ya mabaki ya kwanza ya ndege kubwa ya kiraia katika nchi yetu yalilala Tabora, mji ambao katika karne iliyotangulia ulikuwa njia panda ya misafara ya miguu.

Van Ryneveld na Brand nao walivunja ndege yao kusini mwa Misri, wakapewa nyingine Kairo, wakaendelea. Walipofika Bulawayo, tarehe 6 Machi, hiyo ya pili ikakataa kupanda. Bulawayo iko juu, mita 1,350 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua likiichoma inazidi kuwa nyepesi: bawa halipati cha kuegemea, injini haipati hewa ya kutosha kuunguza petroli, panga nalo linazunguka bila kushika vizuri. Ndege inakimbia kiwanja kizima na mwisho wa kiwanja bado iko chini. Wakatumiwa ndege ndogo kutoka Afrika Kusini, wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi. Siku 45 tangu Brooklands. Muda waliokuwa angani, ukijumlishwa wote, ulikuwa saa 109 na nusu, yaani siku nne na nusu. Siku arubaini zilizobaki zililiwa na matengenezo, matope, na kungoja ndege ya kuazima.

Nashikilia hesabu hiyo kwa sababu ndiyo iliyotawala miaka yote iliyofuata. Kasi ya ndege haikuwa tatizo kubwa. Meli ya barua kutoka Southampton ilichukua siku 17 hivi kufika Cape Town, na Vimy ingeweza kuishinda kwa mbali kama isingelazimika kukaa chini. Kazi ilikuwa kupunguza siku za ardhini. Rubani Mwingereza Alan Cobham alionyesha kwamba inawezekana: alikwenda polepole mwishoni mwa 1925, akichunguza kila kiwanja, kisha akageuza Cape Town mwishoni mwa Februari 1926 na kufika Croydon, kiwanja cha London, tarehe 13 Machi, akiitangulia meli ya barua iliyoondoka naye.

Huduma yenyewe ilifunguliwa na shirika la Imperial Airways tarehe 28 Februari 1931, kutoka Croydon hadi Mwanza. Tarehe 20 Januari 1932 barua zikaanza kwenda mpaka Cape Town, na miezi mitatu baadaye abiria nao wakaruhusiwa. Ratiba ilikuwa ya siku kumi na moja hivi. Msomaji wa leo asidhani mtu aliketi kwenye kiti kimoja siku zote hizo. Abiria alipanda ndege Croydon hadi Paris, hapo akapanda treni kuvuka Ufaransa na Italia nzima hadi bandari ya Brindisi, maana serikali ya Italia ilikuwa na masharti yake kuhusu ndege za Waingereza angani kwake, na milima ya Alps haikuwa na huruma. Brindisi akapanda ndege ya majini kwenda Athens na Aleksandria. Kisha nchi kavu tena, kufuata Nile hadi Khartoum. Khartoum akabadilisha tena, akaingia ndege ya majini ya kumfikisha Kisumu.

Kisumu ndipo njia ilipovuliwa viatu vya maji na kuvishwa vya nchi kavu. Ndege iliyotoka kaskazini ilitua juu ya ghuba ya ziwa, abiria wakaletwa ufukweni kwa mashua, na kiwanjani ikawangoja ndege ya magurudumu, yenye injini tatu na mabawa mawili yaliyopandana, ya kubeba watu wasiozidi kumi. Kasi yake haikufika kilomita 200 kwa saa. Kutoka hapo ilikuwa Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill, Salisbury, Bulawayo, Johannesburg, Kimberley, na hatimaye Cape Town. Ndege hazikuruka usiku. Ziliondoka alfajiri, kabla jua halijachemsha ardhi, kwa maana saa sita mchana hewa inayopanda kutoka nyika za Ugogo huirusha ndege ndogo juu na chini kama ngalawa kwenye wimbi. Jioni abiria walilala hotelini au kwenye nyumba ya wageni.

Mbeya wakati huo ulikuwa mji mchanga, uliokua kwa dhahabu ya Lupa. Kiwanja chake kiko mita 1,700 hivi juu ya bahari, milima imekizunguka, na lile tatizo la Bulawayo lilikuwa pale kila siku. Rubani aliyetoka Mbeya alipima mzigo wake kwa makini kuliko aliyetoka Mombasa, na mara nyingi aliyeachwa nyuma kupunguza uzito alikuwa kifurushi au abiria. Nawaza jinsi jina la mji huo lilivyokuwa likitajwa kwenye ratiba zilizochapwa London, sambamba na Athens na Kairo, ilhali watu wengi wa Dar es Salaam walikuwa hawajawahi kufika huko.

Mwaka 1937 njia ikahama. Imperial Airways ilikuwa imepata ndege mpya za majini zilizoundwa na kampuni ya Short, zenye injini nne na nafasi ya abiria 24, zilizokwenda kilomita 260 hivi kwa saa. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekubali barua za dola yake zisafirishwe kwa ndege kwa bei ile ile ya stempu ya kawaida, na mzigo wa barua ukawa mkubwa kuliko ndege za zamani zingeweza kubeba. Bahari, mto na ziwa havihitaji kufyekwa wala kupasuliwa vichuguu. Mwezi Juni ndege hizo zikaanza kwenda Southampton hadi Durban: zilifuata Nile hadi Port Bell karibu na Kampala, zikavuka ziwa hadi Kisumu, zikakata moja kwa moja hadi Mombasa, halafu Dar es Salaam, Lindi, mji wa Msumbiji, Beira, Lourenço Marques na Durban. Dodoma, Moshi na Mbeya zikafutwa kwenye ratiba hiyo kubwa. Lindi ikaingia. Muda nao ukapungua hadi siku sita au pungufu.

Kama kuna safari moja inayonionyesha jinsi njia ile ilivyokuwa, ni ya ndege iliyoitwa Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 ilikuwa ikienda kaskazini, imetoka Port Bell kuelekea Juba. Chombo cha redio cha kuonyesha upande kilikuwa na kasoro, nayo ikapotea njia kuelekea magharibi, hadi ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Petroli ikakaribia kwisha. Rubani, Alcock, ndugu yake John Alcock aliyevuka Atlantiki mwaka 1919, aliona mto mwembamba chini yake, Mto Dungu karibu na Faradje, akaishusha ndege hapo. Ikagonga mwamba, tumbo likapasuka, akaikimbiza ukingoni kabla haijazama. Wote walitoka hai.

Ndege moja ya aina ile ilikuwa ghali mno kuachwa porini. Mafundi wakaletwa kutoka Uingereza, wakakaa miezi wakiziba na kunyoosha, na watu wa pale wakawa wafyekaji, wabebaji na wajenzi wao. Walipoijaribu mara ya kwanza kuirusha, mto ulikuwa mfinyu, ikagonga mwamba tena. Kazi ikaanza upya. Safari hii waliamua kwamba kama mto hautoshi, basi utatoshelezwa: wakaujengea bwawa, maji yakajaa nyuma yake mpaka likapatikana ziwa dogo la kutosha ndege kukimbia. Tarehe 6 Januari 1940, rubani Kelly Rogers akaiinua Corsair ikiwa nyepesi kadiri ilivyowezekana, akaivusha mpaka Juba. Mwendo ambao ungechukua saa chache ulikuwa umechukua karibu miezi kumi. Kambi ya wafanyakazi ilikua ikawa kijiji, kikaitwa Corsairville.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza wakati huo, na Italia ilipoingia vitani Juni 1940 Bahari ya Kati ikafungwa. Njia ya Afrika ikageuzwa kiatu cha farasi: Durban, pwani yetu, Kisumu, Kairo, kisha India na kuendelea hadi Australia. Kisumu ilikuwa na shughuli nyingi miaka ile. Vita vilipokwisha, viwanja vya jeshi vilikuwa vimemwagwa kila mahali, na ndege za nchi kavu zilikuwa zimejifunza kwenda mbali. Novemba 1945 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilianza safari ya siku tatu kati ya Johannesburg na Uingereza, likitua Nairobi, Khartoum, Kairo na karibu na Tripoli. Ndege za majini zilijaribu kurudi, na kwa kitambo kifupi zilitua hata Ziwa Naivasha, katikati ya viboko, lakini mwishoni mwa 1950 zikaondolewa kabisa. Lindi ilirudi kuwa bandari ya mashua.

Kisha ikaja siku ya Ijumaa, 2 Mei 1952. Saa tisa alasiri ndege ya jeti aina ya Comet, yenye namba G-ALYP, iliondoka London ikiwa na viti 36 vilivyojaa. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti katika ratiba ya kawaida, na njia iliyochaguliwa ilikuwa hii yetu: Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone, Johannesburg. Vituo vitano tu. Ilipaa hadi mita 12,000 hivi, juu ya mawingu mengi ya mvua, kwa kasi inayokaribia kilomita 800 kwa saa. Ilifika Johannesburg kesho yake, kwa muda wa chini kidogo ya saa 24. Waliokuwa watu wazima mwaka 1920, waliosoma habari za Van Ryneveld kuazima ndege Bulawayo, walikuwa hai kuliona hilo.

Entebbe ilipata bahati ya kuwa kwenye orodha hiyo kwa kuwa na uwanja mpya wenye njia ndefu ya kurukia. Jeti ya kwanza ililewa mafuta vibaya, na hapakuwa na namna ya kukwepa kujaza njiani. Asubuhi ile ya Jumamosi, abiria wa Comet waliteremka kunyoosha miguu kando ya ziwa lile lile ambalo barua za 1931 zilipita juu yake.

Ndege hiyo hiyo, G-ALYP, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954. Watu 35 walikufa. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Napoli, ikiwa kwenye njia ya kwenda Johannesburg kupitia Kairo, na wote 21 wakafa. Comet zote zikasimamishwa. Kule Farnborough, Uingereza, wataalamu walichukua Comet nzima, wakaizamisha kwenye tangi kubwa la maji, wakawa wanaushindilia mwili wake kwa maji na kuachia, wakishindilia na kuachia, kila mara moja ikihesabiwa safari moja. Binadamu hawezi kupumua kwenye mita 12,000, hivyo hewa hushindiliwa ndani ya ndege. Mwili wake huvimba kidogo kila unapopaa na kunywea kila unaposhuka. Bati likikunjwa na kukunjuliwa huchoka, kama waya unaoukunja kwa vidole mpaka ukatike. Ukijumlisha safari ilizokwisha kufanya na zile za kwenye tangi, ilipasuka ilipofika safari 3,057, ufa ukianzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa mwilini. Ndege zote tunazopanda leo zimejengwa kwa yale yaliyoonekana kwenye tangi lile. Naandika hili kwa heshima ya waliokufa, maana mara nyingi hutajwa kama tarakimu tu katika sifa za teknolojia.

Jeti zilizofuata zilikuwa imara zaidi na zenye pumzi ndefu, na hapo bendera zikarudi mezani kwa namna ambayo wenye njia hawakuitegemea. Nchi zilizokuwa vituo vya kujaza petroli zilikuwa sasa na serikali zake. Mei 1963, Addis Ababa, wakuu wa nchi huru za Afrika walitaka bandari na anga za bara zifungwe kwa Afrika Kusini ya ubaguzi, na kuanzia Agosti mwaka huo ndege za Shirika la Afrika Kusini zikazuiwa kupita. Ikabidi zizunguke pwani yote ya magharibi juu ya bahari, zikitegemea Luanda ya Wareno, na baadaye Kisiwa cha Sal katika Cape Verde. Safari ya London iliyokuwa ikifupishwa kwa miaka arubaini ikarefuka tena. Nairobi na Entebbe, zilizowahi kuwa pahali pa kunyooshea miguu, zilikuwa zimefunga mlango, na kwangu kilomita hizo zilizoongezeka ndizo za thamani kubwa kuliko zote katika historia ya njia hii. Zuio hilo lilidumu mpaka ubaguzi wenyewe ulipoanza kubomolewa, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Leo ndege hutoka Heathrow jioni na kufika Cape Town asubuhi, saa kumi na moja na nusu hadi kumi na mbili bila kutua popote. Inafuata takriban ule uzi wa kwenye tufe: Algeria gizani, Niger, ikweta juu ya misitu ya Gabon, alfajiri ikiwakuta abiria Namibia. Tofauti ya majira ni saa moja au mbili tu, kwa kuwa safari inakwenda kusini zaidi kuliko mashariki, na mwili hauulizi uko wapi.

Kiwanja cha zamani cha Mbeya kimezungukwa na nyumba za jiji, na tangu mwishoni mwa 2012 ndege kubwa hutua Songwe. Port Bell inapokea meli za mizigo za ziwani. Uwanja wa Kisumu bado uko kando ya maji, karibu na ghuba zilikotua ndege za majini. Anayetoka pale kwenda London hupanda kwanza ndege ya Nairobi, mwendo wa chini ya saa moja, akangoja, kisha hupanda nyingine ya saa nane na nusu hivi hadi Heathrow.